Moja Mpaka Nane

Fundi wa intaneti alitoboa ukuta wa sebule siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kimo cha bega, pembeni ya saa ya ukutani. Vumbi lote liliangukia kochi, ambalo mwenye nyumba alikuwa amelifunika shuka kuukuu tangu saa mbili, kwa sababu anawajua mafundi. Mwenye nyumba mwenyewe alisimama nyuma yake na ufagio. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tisa, mwembamba, mgongo umenyooka, na mtaa mzima ulimwita Opareta. Miaka thelathini na moja alikaa mbele ya ubao wa simu akiunganisha sauti za watu kwa waya, mpaka siku ubao ulipopakiwa kwenye lori na yeye akapewa cheti na mkono wa kwaheri.

Fundi akapachika kisanduku cheusi chenye antena mbili, akakiwasha, taa nne za kijani zikawaka. Kisha akachomoa kalamu nene mfukoni na kuandika ukutani juu ya kisanduku, bila hodi wala samahani: 12345678.

"Hiyo ndiyo paswedi," alisema. "Moja mpaka nane. Hata ukisahau, mama, unahesabu tu."

"Na kwa jirani?"

"Hiyo hiyo. Mtaa mzima. Ofisini hawataki usumbufu. Fundi akija kurekebisha, anaingia tu."

"Na asiye fundi?"

Fundi alicheka, akakunja ngazi yake. "Mama nawe! Nani ana shida na wewe?"

Opareta alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi, akafagia.

Kilichomfanya avumilie vumbi lile ni binti yake wa pekee. Miaka miwili nyuma binti huyo alitoka kwenye ndoa yake mkono wa kushoto ukiwa kwenye plasta, amebeba mtoto kwa ule mwingine, akapanda basi. Mji aliokwenda aliujua mama yake peke yake. Aliyemvunja mkono alikuwa mumewe, dalali wa mnada, mtu wa suti na sauti nzito, anayechekesha watu misibani na kusifiwa harusini. Naye alikuwa anamtafuta. Alikuwa na marafiki wawili kwenye kampuni ya simu, kwa hiyo binti hakuwa na namba ya simu. Alikuwa na watu stendi ya mabasi pia. Basi mama na binti walikuwa na tableti mbili tu, na kila siku saa kumi jioni walionana humo, kwanza kwenye kibanda cha intaneti kilichokuwa kona ya barabara, na kibanda kilipofungwa, ikabidi intaneti iletwe nyumbani. Walikuwa na makubaliano, na ni binti aliyeyaweka. "Nikikukosa siku mbili mfululizo, mama, sitauliza mtu. Napanda basi nakuja." Opareta alimjua mtoto aliyemzaa. Angekuja kweli, na stendi wangempokea.

Mgeni wa kwanza alitoka kwenye kisanduku siku ya Ijumaa, Opareta akiwa anachagua mchele. Kilitangulia kichwa, likafuata bega moja, kisha la pili kwa shida, kama mtu anayetoka uvunguni mwa gari. Alipofika sakafuni alikuwa na kimo cha kawaida, tai, na begi la mkononi. Alijipangusa, akasalimia vizuri, akafungua droo ya kabati na kuanza kusoma barua zake, huku akinakili tarehe ya kuzaliwa ya Opareta kwenye daftari.

"Wewe umeingiaje?"

"Kwa paswedi, mama."

"Nani kakupa?"

Mgeni aliutazama ukuta, kisha akamtazama yeye kwa huruma kidogo. "Hii? Hii wanayo watu wote."

Mpaka Jumapili walikuwa saba. Wawili walikaa kwenye kochi na albamu ya picha, wakiorodhesha sura. Mwanamke mmoja mwenye miwani alikaa mezani akijifunza saini ya Opareta, na kufikia jioni alikuwa anaiandika vizuri kuliko mwenyewe. Mwingine alisimama tu dirishani, hasemi kitu, anaandika Opareta katoka saa ngapi na karudi saa ngapi. Huyo ndiye aliyemuudhi kuliko wote. Ilipofika saa kumi, Opareta alichukua tableti na kujifungia chooni, akazungumza na binti yake kwa kunong'ona.

Jumatatu alimuuliza jirani yake, Mama Mapacha, aliyekuwa anaanika nguo uani.

"Mimi ninao wanne," alisema Mama Mapacha, pini za nguo mdomoni. "Hawasumbui, dada. Mmoja hata anajua kukunja mashuka. Juzi wamechukua kopi ya kitambulisho changu, lakini waliirudisha pale pale."

"Na wewe umeridhika?"

"Sasa nifanyeje? Ndiyo mambo ya kisasa hayo. Halafu usije ukabadilisha paswedi, eti. Bando langu likiisha nashika yako, lako likiisha unashika yangu. Hapa mtaani ndivyo tunavyoishi."

Ni kweli, ndivyo walivyoishi. Kubadilisha paswedi katika mtaa ule kulihesabiwa sawa na kumnyima mtu maji ya kunywa. Aliyewahi kuibadilisha alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, na hakuna aliyekwenda kumwona alipolazwa.

Opareta alikwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alimsikiliza akiwa ameshika kalamu ambayo hakuitumia.

"Wamevunja mlango?"

"Hapana."

"Wamekutishia?"

"Wanasoma barua zangu."

"Waliingia kwa paswedi sahihi?"

"Moja mpaka nane."

"Basi mama, hao ni wageni." Askari alifunga daftari. "Na mgeni ni wa kukaribishwa. Lile faili la binti yako bado tunalitafuta, usikate tamaa."

Faili la binti yake lilikuwa linatafutwa mwaka wa pili sasa, kwenye kabati lenye rafu tatu.

Alipiga simu kwenye kampuni ya intaneti. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa na sauti ya asali. Alisema kuwa kampuni inaheshimu usalama wa wateja wake, ndiyo maana imewapa wote neno moja la siri, ili asiwepo wa kuachwa nyuma. Opareta akakata simu akiwa na hasira mpaka masikio yanauma. Miaka thelathini na moja! Ameunganisha mawaziri na vimada wao, ameunganisha waliofilisika na waliowafilisi, na kila alipochomeka waya alivua vipokea sauti masikioni, akaviweka mapajani mpaka taa izimike. Hakuwahi kusikia neno la mtu. Leo mtu mwenye tai anakaa kwenye kiti chake anamsomea barua, na anaambiwa akaribishe.

Alhamisi, saa kumi kasoro dakika kumi, akatoka Dalali.

Alitoka kwa urahisi kuliko wale wengine, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujiamini. Alinyoosha suti, akavuta kiti cha mezani, akakaa akitazamana na tableti.

"Shikamoo, mama."

Opareta hakuitikia. Kwa miaka miwili mtu huyu alikuwa akigonga mlango, naye akimjibu dirishani kuwa hana la kumwambia. Sasa alikuwa ndani, mguu juu ya mguu.

"Sikuja kwa ubaya," alisema Dalali. "Nakaa tu hapa. Mke wangu akipiga, nitaona dirisha lililo nyuma yake. Mti, kibao cha duka, chochote. Mimi mtu wa mnada, mama. Nikiona kitu mara moja natosheka."

"Toka."

"Nimeingia kwa paswedi."

Wageni wale saba walitikisa vichwa kukubali. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika sita. Opareta alipita mbele ya Dalali, akainama, akashika waya wa kisanduku penye soketi na kuung'oa. Taa nne za kijani zikazimika. Kwa desturi yao, umeme ukikatika wageni hao hutoka kwa kupitia mlangoni, na ndivyo walivyofanya, mmoja mmoja, wakinung'unika, mwenye miwani akiomba walau amalizie herufi ya mwisho. Dalali alitoka nyuma ya wote.

"Utawasha tu," alisema, akitabasamu. "Na kesho nipo."

Saa kumi ilifika, ikapita. Opareta alikaa mbele ya tableti iliyokuwa kioo kitupu. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Ikiongezeka ya pili, binti yake angepanda basi. Alilia kidogo, hakuna wa kumwona, kisha akanawa uso na kwenda kwenye boksi la kisanduku kutafuta kile kijitabu cha maelezo ambacho fundi alikitumia kuweka kikombe chake cha chai.

Kilikuwa na kurasa arobaini na maandishi kama chawa. Alikisoma jioni yote, akakirudia asubuhi, miwani puani, kalamu mkononi, kama alivyosoma kile cha ubao wa simu akiwa na miaka ishirini na mbili, wakati msimamizi alipomwambia kazi ile haitaki vichwa vya wanawake. Saa tano asubuhi ya Ijumaa alichomeka waya, akafungua tableti, na kabla mgeni wa kwanza hajatoa kichwa, alikuwa ameshaingia sehemu ya mipangilio.

Humo alikuta mambo ya kumtia mtu kichaa. Kisanduku kilikuwa na mlango wa pili, wa ofisi, ambao mtu yeyote wa kampuni angeweza kuupitia akiwa mbali, na ulikuwa wazi tangu Jumanne ile. Akaufunga. Kilikuwa na jina la msimamizi na neno la msimamizi, vyote viwili neno moja, kama mtu anayefunga kufuli na kuacha ufunguo ukining'inia. Akabadilisha. Kilikuwa hakijapata sasisho tangu kitoke kiwandani. Akabonyeza kisasishwe, kikazima, kikawaka, kikatoa harufu ya nguo iliyopigwa pasi.

Mama Mapacha aliingia wakati huo, maana habari mtaani haina miguu lakini inafika.

"Nasikia unabadilisha."

"Nabadilisha."

"Yaani unatunyima! Wewe, dada, tuliyezika pamoja, tuliyeuguzana!"

"Kaa chini," alisema Opareta. "Sikunyimi kitu. Nakutengea pako." Na akamwonesha kwenye kijitabu, ukurasa wa ishirini na sita, palipoandikwa mtandao wa wageni: intaneti ile ile, lakini isiyogusa vitu vya ndani. Akaiwasha. Barazani likatokea benchi la mbao, refu, la watu sita, lenye mto. Mama Mapacha alitoka kulijaribu, akakaa, akafungua simu yake, intaneti ikashika.

"Lina kivuli," alikubali. Hakufurahi sana, lakini hakuondoka.

Likabaki neno lenyewe la siri. Opareta hakutumia jina la binti yake, wala mwaka aliozaliwa, wala chochote kilichokuwa kwenye droo, maana vyote hivyo mwenye tai alikuwa navyo. Alikaa akatafuta maneno matano ambayo katika miaka thelathini na moja yasingeweza kutoka pamoja katika mdomo wa mtu mmoja, akayaunga, akachomeka namba mahali pasipotarajiwa. Neno hilo halitaandikwa hapa, na anayelitaka apoteze muda wake. Alilikariri akitembea sebuleni, hakuliandika popote. Kisha akalowesha kitambaa, akasugua ukuta mpaka nane ikafutika, kisha saba, mpaka moja, na rangi ya ukuta ikatoka pia.

Saa tisa na nusu simu yake ya vibonyezo ililia.

"Habari ya leo, mama yetu," alisema mwanamume mwenye sauti laini. "Ni ofisi ya intaneti. Tumeona laini yako ina hitilafu, kuna watu wabaya wanakushambulia. Tutajie paswedi mpya tukulinde. Lakini haraka, tafadhali. Tusipoipata, saa kumi kamili mtambo unakukata wenyewe."

Opareta aliogopa. Tusidanganyane, aliogopa, kwa sababu saa kumi kamili ndiyo iliyokuwa roho yake yote. Maneno matano yalimjia hadi ncha ya ulimi. Neno moja tu amwambie mtu huyu, aachwe, amwone mwanawe.

Kilichomwokoa ni mazoea ya kazi. Kwenye ubao wa simu walikuwa na utaratibu uliobandikwa mbele ya kila kiti: mtu akipiga akasema ametumwa na ofisi, akataka jambo la siri na akataka upesi, usibishane naye, usimtukane. Kata. Kisha piga ofisini wewe mwenyewe, kwa namba unayoijua. Wasichana wapya waliona adabu mbaya kumkatia mkubwa simu, na Opareta alikuwa akiwachapa vibao vya mikononi mpaka wazoee.

Akakata.

Simu ililia tena, akaiacha ilie. Alichukua karatasi ya mkataba, akapiga namba iliyokuwa juu yake. Akapokea yule dada mwenye sauti ya asali.

"Hapana, mama, hakuna aliyekupigia kutoka kwetu. Lakini naona hapa umefunga mlango wa ofisi. Na paswedi umebadilisha. Utaratibu hauruhusu. Naomba uirudishe moja mpaka nane."

"Sirudishi."

"Mama, wateja wote…"

"Nirudishie wewe, kama unaweza."

Zikasikika kucha zikigonga kibodi, muda mrefu.

"Siwezi," alisema yule dada. "Umefunga."

"Haya. Siku njema."

Saa kumi kamili tableti ililia, na uso wa binti yake ukatokea, macho mekundu, amevaa koti, begi liko kitandani nyuma yake.

"Mama! Jana ulikuwa wapi? Nilishakata tiketi!"

"Nilikuwa nafunga mlango. Vua koti."

Binti hakuvua. Alikuwa anatazama nyuma ya mama yake, ukutani, ambako kisanduku kilikuwa kimeanza kutikisika. Ndani ya ukuta ilisikika sauti nzito ya mwanamume ikitamka moja, mbili, tatu, kwa mpangilio, na ilipofika nane mkono ukachomoza, wenye saa ya dhahabu na kifungo cha shati, ukafika mpaka kiwiko. Hapo ukakwama. Ukuta ulijifunga kuuzunguka, plasta ikakauka papo hapo. Vidole vikapapasa hewa, vikatafuta meza, vikatafuta tableti, vikakosa.

"Mama, ni nini hicho?"

Opareta aligeuka akatazama, akarudisha uso. "Mkono wa mumeo."

Binti alisogea karibu na kioo. Kisha akauliza, taratibu, "Upi?"

"Wa kulia."

Binti alivua koti. Alicheka, na kucheka kukageuka kilio, na mtoto akaja kumuuliza mama analilia nini, akaambiwa hakuna kitu, msalimie bibi. Wakazungumza mpaka saa kumi na moja na nusu, kwa sauti ya kawaida, sebuleni.

Siku zilizofuata mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Dalali aliendelea na minada yake, mkono wa kulia wa koti ukiwa umekunjwa na kubanwa kwa pini, akigonga nyundo kwa kushoto, na watu walimchangia pole. Alifungua kesi. Faili lake lilifunguliwa saa mbili asubuhi, na saa nne askari wawili walikuwa kwenye benchi la barazani. Mmoja aliingia akaupima mkono kwa futi ya chuma, akaandika kuwa u hai, una saa, na unashikiliwa bila kibali.

"Huu ni mwili wa raia, mama," alisema. "Unatakiwa uurudishe."

"Aje auchukue. Aje kwa mlango, mchana, na lile faili la binti yangu mkononi. Nitamsaidia kuvuta."

"Lile bado tunalitafuta."

"Na mimi huu bado nautafutia nafasi."

Kampuni ilituma barua ya kumwonya kwa kukiuka masharti. Wiki hiyo hiyo yule fundi alionekana mtaa wa pili na ngazi yake, akitoboa kuta, na juu ya kila kisanduku akiandika moja mpaka nane kwa kalamu nene. Wale wageni saba walihamia huko, ila mwenye miwani, aliyehamia kwa Mama Mapacha. Opareta alikwenda nyumba kwa nyumba mtaani kwake na kijitabu chake, ukurasa wa ishirini na sita umekunjwa kona. Waliomfungulia na kubadilisha paswedi walikuwa watatu. Mama Mapacha alikuwa wa nne, baada ya mwanamke mwenye miwani kusaini kitu kwa jina lake, na hata hivyo alisema amefanya hivyo kwa sababu ya lile benchi.

Mkono ulibaki ukutani. Opareta aliuvua saa ya dhahabu, akaipeleka kituoni akapewa risiti, kisha akawa anautundikia mwavuli. Kila jioni karibu na saa kumi ulikuwa unaanza kugonga ukuta kwa kidole, kwa mpangilio ule ule, unafika nane, unasubiri, unaanza upya.

"Bado anahesabu?" aliuliza binti yake siku moja.

"Yuko kwenye tano."

"Askari wamesemaje?"

"Wanatafuta."

Binti alitazama mkono ule muda mrefu, nyuma ya bega la mama yake. Nyuma yake mwenyewe hapakuwa na dirisha wala mti. Kulikuwa na shuka jeupe alilolitundika, na alilitundika kila siku kabla ya kupiga.

"Mama, nitarudi lini nyumbani?"

Opareta alisogeza kiti karibu na tableti.

"Mkono mmoja tunao, mwanangu," alisema. "Amebaki na mwingine. Hebu niambie, mtoto kala nini leo?"